Mbwa Waliyetaka Afe

Juzi niliingia duka la dawa za mifugo pale Karatu mjini. Muuzaji alikuwa akifungua chupa ya dawa ya kupe kumwonyesha mteja, na ile harufu kali, kama mafuta ya taa yaliyomwagikia majani yaliyooza, ikanipanda puani hadi machozi yakanilenga. Nilipoagiza chupa yangu na kusema ni ya kuogeshea mbwa, mwanamume mmoja kando yangu, mwenye kofia pana kama za waongoza watalii, alicheka.

"Dada, mbwa naye anaogeshwa? Kwetu mbwa anaogeshwa na mvua."

Nilimtazama mpaka kicheko kikamkaukia mdomoni. Ningemjibu, lakini jibu langu lina urefu wa utoto mzima, na yeye alikuwa na haraka ya kurudi kwenye gari lake. Basi nawaambia ninyi wenzangu wa rika langu, mliokulia kwenye nyumba ambazo mbwa alikuwa kitu cha nje tu, akilala alipokuta na kula kilichobaki. Mimi nilikuwa mtoto aliyekaa wiki nzima akisubiri kubweka.

Tulikaa Ganako, juu kidogo ya barabara, mahali ambapo udongo ni mwekundu kiasi kwamba soksi nyeupe za shule hazikuwa nyeupe tena baada ya wiki ya kwanza. Juu yetu kulikuwa na msitu. Asubuhi ukungu ulishuka kutoka huko ukalala juu ya mahindi, na mara nyingine nyati walishuka pamoja nao. Baba alikuwa mlinzi kwenye loji huko Ngorongoro, akija nyumbani mwisho wa mwezi akinuka moshi wa kuni na sabuni ya wageni. Siku nyingine zote nyumba ilikuwa ya mama na mimi. Ng'ambo ya ua wa minyaa alikaa baba mkubwa, kaka yake baba, ambaye aliamini kwamba mdogo wake akiwa hayupo, yeye ndiye baba wa nyumba zote mbili. Mama hakuliona jambo hilo hivyo. Alimheshimu, akamwamkia kila asubuhi, akampelekea maziwa ng'ombe wake walipokauka, na mambo ya nyumba yake akayaamua mwenyewe.

Sambu aliletwa na mama mdogo, dada yake mama, aliyeolewa na mfugaji huko Soitsambu. Alimtoa kwenye kikapu kama mtu anayetoa viazi: kitoto cha mbwa chenye mabaka meusi, meupe na ya kahawia, macho bado yana utandu. "Kule kwetu ng'ombe wa rangi hizi tunamwita sambu," alisema, "na huyu mama yake analala katikati ya mbuzi, fisi hasogei." Baba mkubwa alimwinua kwa ngozi ya shingo, akamgeuza, akamrudisha chini.

"Jike," alisema. "Na mwembamba. Huyu hata mwizi akimkanyaga mkia atamwomba radhi."

Yeye alikuwa na Komando, dume jekundu lenye kifua kama cha mpiga ngumi. Komando alimpenda baba mkubwa kuliko chakula. Nalisema mapema, ili msije mkamwona baba mkubwa kuwa mtu asiyependa mbwa. Alimpenda sana mbwa mmoja.

Siku moja gari lilipita na kipaza sauti likitangaza chanjo ya kichaa cha mbwa kwenye uwanja wa shule ya msingi. Baba mkubwa aliegemea jembe lake akasikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa. Alisema mbwa akichomwa sindano hupoa, ukali humtoka, anakuwa kondoo wa kulala mlangoni. Wengi pale mtaani waliamini hivyo. Mama alikata kamba ya katani, akamfunga Sambu shingoni, akaniita tukaenda.

Mimi nilikwenda na hofu, kwa sababu nililijua neno chanjo kwa njia moja tu. Kuchanja ni kukata. Bibi mzaa mama alikuwa na chale mashavuni, mistari myembamba ya zamani, naye aliniambia alichanjwa akiwa mdogo. Nilitegemea kuona wembe. Badala yake bwana mifugo, kijana mrefu mwenye koti jeupe lililofupika mikononi, alimshika Sambu begani, akamdunga, akamfunga utepe mwekundu shingoni, akasema, "Haya, mwingine." Damu haikutoka hata tone. Nyumbani nilimpekua Sambu mwili mzima, nikigawanya manyoya kwa vidole kama mtu anayetafuta chawa, nisione mkato wowote. Nikaelewa kwamba kwenye zogo lile la mbwa na kamba, daktari alisahau kumchanja. Mama alikuwa na furaha sana kwa kazi aliyoifanya, nikaona si vizuri kumharibia. Nikakaa nayo hiyo siri.

Mvua za vuli zilikuwa bado hazijaanza alasiri ile mbwa mgeni alipokuja. Nilikuwa nikiokota kuni kwenye ukingo wa shamba, Sambu akichimba shimo la panya karibu yangu. Mbwa yule alitokea upande wa korongo. Hakuwa akikimbia. Alitembea moja kwa moja, kichwa chini, akigonga mabua ya mahindi kana kwamba hayapo. Taya lake la chini lilining'inia, na mate yalimtiririka kama uzi mzito unaofika ardhini. Alipotoa sauti haikuwa kubweka wala kulia, ilikuwa kama mtu aliyepaliwa anayejaribu kuita jina lako. Nilisimama. Nilifikiri amekwamwa na mfupa, nikamwonea huruma. Nikamwita kama unavyomwita mbwa.

Aliniuma shavu la mguu kabla sijamaliza kumwita. Sambu alimrukia shingoni, wakabingirika, na kutoka kwenye minyaa Komando naye akaja kama jiwe lililorushwa. Nakumbuka vumbi, na meno, na kuni zangu zikivunjika chini yao. Kisha wanaume walifika na mapanga na mawe, wakamfukuza yule mbwa mpaka barabarani, na huko wakamaliza.

Mama alinibeba hadi kwenye pipa la maji. Hakupiga kelele, na hilo lilinitisha kuliko kidonda. Alinikalisha juu ya jiwe la kufulia, akachukua sabuni ya mche, akaanza kunisugua mguu huku akimimina maji kwa kopo, akasugua, akamimina, akasugua tena. Nililia kwamba inatosha. Alisema haitoshi. Baba mkubwa alikuja mbio, jasho likimtoka.

"Shemeji, acha hayo maji. Kuna mzee huko chini ana mizizi ya kichaa. Anachanja, anapaka, kwisha. Mimi nampeleka mtoto sasa hivi."

"Namshukuru huyo mzee," mama alisema bila kuinua kichwa. "Mtoto anakwenda hospitali."

"Akifa je?"

"Ndiyo maana anakwenda hospitali."

Alisimamisha pikipiki ya kwanza iliyopita barabarani, akanipakata katikati yake na dereva, mguu wangu ukiwa umefungwa kitenge kibichi. Hospitalini nesi alimuuliza mama amefanya nini na kidonda. Mama alipomweleza, nesi alisema, "Umefanya vizuri sana, mama," na mama akaniweka chini kutoka mikononi mwake kwa mara ya kwanza tangu tuondoke nyumbani. Nikachomwa sindano, nikaambiwa nitarudi kwa nyingine, na nyingine.

Kesho yake bwana mifugo alikuja na pikipiki yake na kisanduku cha baridi. Alimkumbuka Sambu kwa mabaka yake na kwa utepe ambao ulikuwa bado shingoni, umechanika. Alimwambia mama kwamba mbwa aliyechanjwa akiumwa na mwenye kichaa huongezewa chanjo papo hapo, kisha anafungiwa na kuangaliwa kwa zaidi ya mwezi, bila mtu kumshikashika. Ambaye hakuchanjwa, alisema kwa sauti ya chini, hakuna namna nzuri, ni bora asiachwe hai. Kisha akamgeukia baba mkubwa.

"Na wako, mzee? Naye alikuwemo?"

"Wangu hakuumwa," alisema baba mkubwa.

Mimi nilikuwa nimemwona Komando asubuhi hiyo. Sikio lake lilikuwa limepasuka. Baba mkubwa aliona ninamtazama, akasema, "Lile sikio ni waya. Alijikata kwenye waya wa kuku." Mama alimwangalia, akamwambia, "Shemeji, mwache daktari amwone." Alijibu kwamba amesema ni waya. Bwana mifugo alitaka kwenda kumwona mwenyewe, lakini baba mkubwa akasema Komando yuko malishoni na ng'ombe.

Basi Sambu alidungwa tena, akafungiwa kwenye banda la zamani la mbuzi, lenye kuta za miti na udongo uliobanduka. Mama aliweka kisiki hatua chache kutoka mlangoni akanionya kwamba nikivuka kisiki hicho nitajuta. Chakula na maji alipeleka yeye, akivisukuma chini ya mlango kwa kijiti kirefu.

Shuleni watoto walikuwa wameshanijadili wakanimaliza. Walisema aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa hukaa vizuri kwanza, kisha siku moja anaamka anaogopa maji, halafu anabweka, halafu anakufa akiwa amefungwa kwenye mti. Rafiki yangu aliyekaa nami dawati moja aliomba ahamishwe. Sikumlaumu. Nilifanya hesabu yangu ya kitoto: mimi na Sambu tuliumwa na mdomo mmoja, mate ni yale yale, basi litakalompata yeye litanipata mimi. Na mimi ndiye niliyejua kwamba yeye hana mkato wa chanjo. Sindano zangu za hospitali sikuzihesabu kuwa kitu, kwa kuwa nazo hazikuniacha na chale.

Kwa hiyo kila asubuhi kabla ya shule nilisimama nyuma ya kisiki na kikombe changu cha bati. Kupitia mianya ya miti niliona pua ya Sambu. Nilisubiri ainame kwenye bakuli lake. Akinywa, nami nilikunywa. Maji yalikuwa ya baridi, yana ladha ya pipa, na yalipopita kooni nilijua tumepata siku nyingine. Mama aliniona akadhani namkumbuka tu mbwa wangu. Alinipenda kwa hilo, akawa ananiachia muda.

Kisha asubuhi moja Sambu hakuja kwenye bakuli. Alilala pembeni, kichwa kati ya miguu. Nilimwita, mkia ukapiga chini mara moja, kwa uvivu, ukatulia. Nilisubiri mpaka kengele ya shule ikalia huko mbali. Hakunywa. Nami nikamwaga maji yangu chini, nikaenda shule na koo kavu, na kutwa nzima sikugusa maji, si kwa sababu nilishindwa, bali kwa sababu sikuthubutu kujaribu.

Habari za mtaani hazina mguu lakini hufika. Jioni watu walikwisha kujua kwamba mbwa wa Mama Fausta hali wala hanywi. Fausta ni mimi. Asubuhi iliyofuata walikuja: baba mkubwa mbele, mwenyekiti wa kitongoji, na wanaume wengine wawili au watatu wenye marungu. Walisimama uwanjani kwetu kwa adabu, wakaamkia, wakaulizia habari za baba. Sisi watu wa kule hatuanzi jambo baya bila salamu.

"Mama Fausta," alisema mwenyekiti, "tumekuja kwa wema. Mnyama ameshaonyesha dalili. Tusingoje atoke."

Mama alikuwa ameshika kijiti chake kile kirefu. Alikwenda akasimama mbele ya mlango wa banda.

"Nimemtumia daktari salamu. Yuko njiani. Akisema ni kichaa, nitamfungulia yeye mlango afanye kazi yake. Mpaka hapo, mlango ni huu na mimi ni huyu."

"Shemeji, sogea," alisema baba mkubwa. "Unabishana na watu wazima kwa ajili ya mbwa?"

"Na wewe umeamka alfajiri na rungu kwa ajili ya mbwa. Tuko sawa."

"Wewe mwanamke una ubishi."

"Ninao. Na siku ya chanjo mlisema nikimchanja atapoa. Alipoa siku ile? Mtoto wangu angekuwa na mguu leo?"

Baba mkubwa alihamishia rungu mkono wa pili. Lakini mmoja wa wale wengine alianza kuzunguka banda upande wa nyuma, mahali ambapo kuta zilikuwa zimebanduka, na mama hakuweza kuwa pande zote mbili. Nilikuwa mlangoni pa jikoni na kikombe changu mkononi. Sijui nilifika vipi. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa nyuma ya banda, mgongo wangu kwenye miti, na yule mtu mkubwa mbele yangu, rungu likiwa begani.

"Mimi na yeye tuliumwa pamoja," nilisema. Sauti yangu haikutoka vizuri, koo lilikuwa limekauka tangu jana. "Mkimuua yeye, mniue na mimi. Kama ni kichaa tunacho wote wawili. Tazameni."

Nikainua kikombe. Nilifikiri koo litafunga. Nilifikiri nitabweka mbele ya mwenyekiti. Nikanywa. Maji yakashuka, nikanywa tena, nikanywa yote mpaka yakanimwagikia kidevuni na kifuani kwenye shati la shule, nikageuza kikombe juu chini waone kwamba ni kitupu. "Sijaogopa," niliwaambia. "Na yeye haogopi. Anaumwa tu."

Yule mtu aliteremsha rungu lake akatazama pembeni. Mama alikuwa ameshafika. Alinitazama uso wangu, akatazama kikombe, na nikaona asubuhi zangu zote nyuma ya kisiki zikimrudia moja baada ya nyingine. Alipiga magoti kwenye udongo mbele ya wanaume wote wale, akanishika mashavu. "Muda wote huu," alisema. "Mwanangu, muda wote huu?"

Pikipiki ya bwana mifugo ilisikika barabarani tukiwa bado hivyo. Alivaa glavu nzito, akatutaka wote tukae mbali, na kabla ya kuingia alisimama mlangoni kwa muda mrefu akimtazama Sambu tu. Alimwita jina. Mkia ukapiga chini. Aliingia, akamfunga mdomo kwa kamba, kisha akafunua kope la jicho. Alituita tusogee kidogo tuone: ndani ya kope, palipopaswa kuwa pekundu kama nyama ya tikiti, palikuwa peupe kama karatasi. Akafunua masikio. Yalijaa kupe, wamejishona kama punje za mtama, wengine wamevimba rangi ya risasi. Akagusa ukuta wa banda kwa kijiti, udongo ukabanduka, na kupe wakatoka kwenye nyufa.

"Hili banda mlifuga mbuzi," alisema. "Mbuzi waliondoka, kupe wakabaki na njaa. Mama, huyu ana homa ya kupe. Damu yake inaisha. Mkojo wake umeuona? Utakuwa mweusi kama chai."

"Kwa hiyo si kichaa," alisema mwenyekiti.

"Taya lake linafunga, anameza mate yake, anamjua anayemwita, sauti yake ni ile ile. Ninachokiona leo ni kupe. Lakini muda wake wa kuangaliwa haujaisha, kwa hiyo siapi, na ninyi msimguse. Nitamtibu, na tutaendelea kungoja."

Alimchoma sindano, na banda likapigwa dawa, na Sambu akanyunyiziwa, na ile harufu ikajaa uwanja mzima hadi kuku wakahama. Hiyo ndiyo harufu niliyokutana nayo dukani. Kwangu inanukia kama hukumu iliyofutwa.

Kabla hajaondoka nilimvuta koti nikamwambia ile siri: kwamba siku ya shuleni alisahau kumkata Sambu. Hakucheka. Alichuchumaa akanikunjia mkono wa shati.

"Wewe hospitali walikukata?"

"Hapana."

"Walikuchoma sindano?"

"Ndiyo."

"Basi na wewe umechanjwa, na yeye amechanjwa. Wembe tumeuacha zamani." Akagusa mahali pa sindano kwa kidole. "Hutabweka, Fausta. Nani alikwambia utabweka?"

Nililala siku hiyo mchana mzima.

Sambu alianza kunywa, kisha akaanza kula. Damu ilimrudia polepole. Alikuwa bado amefungiwa, banda sasa safi, siku Komando alipobadilika.

Kwanza sauti yake. Tulimsikia ng'ambo ya minyaa akitoa ile sauti ya kupaliwa, na mama aliacha alichokuwa akifanya akanitazama, nami nikamtazama. Kisha akaanza kuuma vitu: mti, mpini wa jembe, mguu wa ndama. Mwanzoni baba mkubwa alisema ana mfupa kooni. Alimfungia stoo, akawa anakaa nje ya mlango akizungumza naye. Alikuwa ameshajaribu kuutafuta huo mfupa kwa mkono wake mwenyewe. Bwana mifugo alipofika hakukuwa na la kungoja. Tulisikia kishindo kimoja, basi, Komando hakuwepo tena.

Mama alivuka minyaa. Nilidhani anakwenda kumlaumu kwa lile sikio, na mimi nilitaka amlaumu. Nilikuwa na maneno mengi niliyomtungia. Nilimfuata nikamkuta baba mkubwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono imelala juu ya magoti, analia bila kuficha uso.

"Shemeji," alisema mama. "Hiyo mikono. Ilimgusa mdomoni?"

Mama aliishika akaigeuza. Kwenye vidole kulikuwa na michubuko ya meno, midogo, ya kuonekana tu ukitazama kwa karibu.

"Sikio halikuwa waya," alisema baba mkubwa.

"Najua. Inuka."

Alimpeleka kwenye pipa letu, akamkalisha juu ya lile jiwe la kufulia, mtu mzima yule mwenye mvi, akachukua sabuni akamsugua mikono kama alivyonisugua mimi. Alipolalamika kwamba inatosha, alisema haitoshi. Mimi ndiye niliyemimina maji. Kisha mama akamsimamishia pikipiki, akapanda naye, maana alijua akimwacha angeshukia kwa yule mzee wa mizizi. Alichomwa sindano zote. Aliishi miaka mingi baadaye, akawa mkaidi vile vile katika mengine yote.

Mpaka leo nikisikia mtu anasema "mbwa ni mbwa tu," namwambia hapana. Mbwa ni ukuta wa nyumba yako, na ukuta ukioza ugonjwa unaingia ndani mpaka kwa mtoto. Mchanje kila mwaka. Mwogeshe dawa ya kupe. Safisha anapolala. Akigoma kula, mwangalie macho yake kabla hujatafuta rungu. Nimeitwa mama mbwa, nimeitwa mzungu mweusi, nimechekwa madukani. Wacheke. Mimi mguu wangu ninao, na kovu lake pia ninalo.

Muda wa Sambu ulipoisha, bwana mifugo alikuja akamtazama mara ya mwisho, akasema afunguliwe. Mama alimfunga kamba mpya, akanipa ncha yake. Nilielekea shambani, kwenye njia ya nyuma tuliyozoea, mahali ambapo hakuna mtu.

"Siyo huko," alisema mama. "Mpitishe barabarani."

"Mama, leo ni siku ya mnada. Watu wamejaa."

"Ndiyo. Mpitishe barabarani, mpaka dukani, na mrudi. Na usikimbie."

Tukashuka, mimi na Sambu. Alikuwa amekonda, mabaka yake yakimning'inia kama nguo ya kuazima, lakini alitembea kichwa juu akinusa kila kitu alichokikosa. Mama mmoja alimvuta mtoto wake nyuma ya sketi. Rafiki yangu wa dawati alisimama mlangoni kwao akanipungia mkono kidogo, karibu na kiuno, ili mama yake asione. Mbele ya duka wanaume walikuwa wameketi kwenye benchi, na baba mkubwa alikuwa miongoni mwao, vidole vimefungwa bendeji. Yule aliyezunguka banda letu alituona, akainama, akaokota jiwe.

Kamba iliteleza kwa jasho la kiganja, nikaizungusha mkononi mara mbili. Sambu aliliona jiwe, mbwa wote wanalijua jiwe, akasimama. Nami nikasimama. Hatukurudi nyuma.

Baba mkubwa aliinuka kwenye benchi.

"Liweke chini," alimwambia yule mtu.

"Mzee, si ndiye yule mbwa?"

"Ndiye. Liweke chini, mtoto wangu anapita."

Jiwe lilianguka kwenye vumbi. Nikamvuta Sambu taratibu, tukapita katikati ya barabara, mbele ya wote, mpaka dukani, na tukarudi kwa njia ile ile.